Wewe Andika Tu

Meza ya darasa la tatu, daftari la mistari,
boksi la barafu lililofika kwa pikipiki toka Sikonge
na Bwana Lugusi wa mifugo, mikono ya shati kakunja:
Wewe andika tu. Kung'atwa niachie mimi.

Saa mbili, uwanja wa shule ya Tutuo umejaa minyororo,
kamba za katani, mipira ya baiskeli, kanga iliyosokotwa;
mmoja kafungwa kwa waya wa redio.
Mbwa wa warina asali, mbavu nje, masikio yamechanwa na miiba,
waliozoea kutukanana usiku kwa mbali,
leo wanaonana sura.

Jina?
Mnasemaje.
Nauliza jina la mbwa.
Ndilo hilo. Mnasemaje.
Nikaandika.

Akaja Deni Si Langu. Akaja Umbea wa mama Kalekwa,
na nyuma yake kwenye foleni, jirani yake
kamshika Nimekusikia.
Nusu ya ugomvi wa hapa hupitia kwa mbwa:
ukimwita jioni kwa sauti,
nani atakupeleka kwa mtendaji?

Lugusi hacheki. Anakamata ngozi ya shingo, anainua,
sindano imeingia, imetoka. Utepe mwekundu. Mwakani tena.
Mkulima wa tumbaku ana wasiwasi: Sasa si atapoa, afande?
Ukali wake utabaki, anamjibu.
Tunachomzuia si ukali.

Ndipo akaja Kulwa. Miaka tisa, kamba tatu.
Nikaandika Kulwa, na kalamu, kwa mazoea,
ikaendelea yenyewe: na Do
Nikaifuta kwa kidole. Wino ukatapakaa.

Kilikuwa kibwa kidogo tu, mvua za mwaka juzi.
Kilimkwaruza Doto kwa jino, kifundoni, kama mwiba.
Wakapaka majivu. Kikapona vizuri,
mtu angesifu yale majivu.
Mwezi na nusu, akaanza kujikuna palipopona.
Kisha kikombe. Nyanzala alimpa mwanawe maji
akapiga kelele kana kwamba amepewa kaa la moto.

Kulwa naye alikuwa amelambwa kidonda na kibwa kilekile.
Baba akauza madebe mawili ya asali,
akampakia kwenye baiskeli hadi barabara ya basi, hadi Kitete,
siku ileile, ya tatu, ya saba,
ya kumi na nne, ya ishirini na nane.
Njia ile ingeweza kupitwa na wawili.

Majina ya hawa?
Hawana. Ni wa jalala la sokoni.
Mwenye mbwa?
Akatazama kamba zake. Andika mimi.

Wa kwanza akatulia. Wa pili akakojolea kiatu cha Lugusi.
Wa tatu, wa kijivu, aliona sindano
akajizungusha, akapita chini ya meza,
na mkono wangu, ambao kazi yake ilikuwa kuandika tu,
ukawa kinywani mwake, kisha haumo.
Damu kidogo. Tone kwenye ukurasa, juu ya Umbea.

Si kitu, nikasema. Nikatafuta leso.

Kulwa alishanishika kiwiko.
Kamba kamtupia Lugusi kama anayempa mtoto,
akanivuta hadi pampu ya shule,
akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche
kilichokatwa kwa uzi, kimeshika nyuzi za kaptula.
Ni nani hutembea na sabuni mfukoni?

Kesho Kitete, anasema. Usisubiri kesho kutwa.
Ana uzito mdogo, kwa hiyo anaruka na mpini,
anashuka nao, anaruka tena,
maji yanakuja kwa vipande, ya baridi, yana kutu,
naye anahesabu kwa sauti. Mia mbili na tatu. Mia mbili na nne.
Mkono umekufa ganzi. Foleni imegeuka kututazama.

Panatosha, Kulwa.

Bado.